Fonti nene ya brashi kwenye kibao chako, kuanzia kuichagua mpaka kuibandika

Ukitoka Mnara wa Saa hapa Arusha ukashuka taratibu mpaka Soko Kuu utaziona kila mahali, zile herufi nene zilizolala kidogo kwenda kulia, zimeshikana mikono kama mtu kaziandika kwa brashi pana akiwa na haraka zake. Zipo kwenye vioo vya saluni, kwenye fulana za madereva wa safari, kioo cha nyuma cha kifodi (daladala ndogo), hadi kwenye kadi za michango ya harusi. Watu wanazipenda na mimi nazipenda pia, maana zina joto, yani ukiangalia unaona kuna mkono wa mtu pale. Tatizo ni moja tu, nyingi hazisomeki ukiwa ndani ya gari, na mwenye duka hajui kwanini wateja wanapita tu.

Mimi kazi yangu ni vibao, stika za magari na lebo za bidhaa, na nimeharibu vya kutosha kujua wapi panaharibika. Asilimia kubwa ya shida inaanza pale unapoipenda fonti, yani mtindo wa herufi za kompyuta, kwenye picha ya tangazo lake. Ile picha imeandikwa Kiingereza, aliyeichora amechagua maneno yanayoipendeza fonti yake, alafu wewe unaenda kuiandikia Kiswahili. Ni kama kununua suti uliyoiona kwenye sanamu la dukani, hujaivaa bado.

Hatua ya 1: andika jina kwenye karatasi, hesabu herufi

Usifungue kompyuta kwanza. Chukua peni uandike jina la biashara kama litakavyosomeka, alafu hesabu ni herufi gani zinajirudia. Kuna mama mmoja wa Tengeru anakaanga kahawa yake mwenyewe nyumbani, alitaka lebo ya pakiti za robo kilo, jina lake ni Kahawa ya Mama. Hesabu hapo. Herufi 12, na sita kati ya hizo ni a. Nusu nzima!

Sasa fundi wa zamani anayechora ukutani kwa brashi na kopo la rangi akiandika a sita zote zitatofautiana kidogo, moja imenenepa, nyingine mkia umekimbia, nyingine brashi ilishaanza kukauka. Fonti haina hiyo, inapiga muhuri uleule. Kwenye fonti ya kawaida ya kusimama hakuna anayejali, ila kwenye brashi nene, hasa zile zenye mikwaruzo ya brashi kavu, unaona mkwaruzo uleule mahali palepale mara sita na jicho linagundua fasta kwamba hii ni kompyuta. Ule mkono wa mtu uliokuwa unaulipia umepotea.

Kwahiyo kabla ya kitu kingine chochote tafuta fonti yenye a mbadala. Fonti nzuri za brashi zinakuja na herufi moja iliyochorwa mara mbili tatu, na baadhi zinabadilisha zenyewe unapoandika, nyingine lazima uende kuzichagua kwa mkono. Kwenye programu ya kuchorea ya Illustrator kuna dirisha linaitwa Glyphs, kwenye Inkscape fungua dirisha la maandishi uende sehemu ya Features. Wengi wananunua fonti nzuri kabisa alafu hawajawahi kufungua hayo madirisha, wanaishia kutumia robo ya kitu walichokilipia.

Ukikuta fonti ina mbadala za t na r na s lakini a iko moja tu peke yake, hiyo waachie wenyewe. Kiswahili kinaishi kwa a.

Hatua ya 2: ipitishe kwenye maneno magumu

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, usipaharakishe. Tovuti nyingi za fonti zina kisanduku cha kuandika maneno yako uone kabla hujanunua wala kupakua. Mimi nina maneno yangu ya siku zote naandika humo: mnunuzi, vifaa, nyama ya ng'ombe, karanga, Kwa Mrombo, Karibu.

Mnunuzi ni kwa ajili ya mistari iliyosimama. Hesabu: m ina mitatu, n miwili, u miwili, n tena miwili, u tena miwili, jumla mistari 11 kabla hujafika kwenye z. Kwenye brashi nene hizo zote zinafanana, n ni u iliyopinduliwa tu, kwahiyo neno linageuka kuwa chanuo. Kama fonti haijatofautisha juu na chini ya n na u, achana nayo mapema. Kiswahili kimejaa haya maneno, umuhimu, muumini, mnunuzi gani atasimama kusoma chanuo.

Vifaa ni kwa ajili ya a mbili zilizobanana. Duka la vifaa vya ujenzi, duka la saa, kaanga, yote haya yana aa na hapo ndo utaona kama mkono wa a ya kwanza unaingia vizuri kwenye ya pili au unaigonga tumboni.

Nyama na karanga ni kwa ajili ya mikia ya y na g. Kwenye Kiingereza y mara nyingi inakaa mwisho wa neno, ndo maana wachoraji wanaipa mkia mrefu wa mbwembwe unaopita chini ya neno zima, na kweli unapendeza. Kwetu y inakaa mwanzoni na katikati. Nyama, nyumba, vinywaji, ya, vya. Ule mkia unashuka katikati ya neno unaenda kuchoma mstari wa chini. Na upande wa pili wa hilohilo, maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu, kwahiyo mbwembwe za mwisho wa neno zinatakiwa ziwe kwenye a, e, i, o na u. Fonti ambayo imeweka mikia ya mwisho kwenye y, d na n peke yake haitakusaidia hata kama matangazo yake yanang'aa vipi.

Ng'ombe ni kwa ajili ya kile kialama cha juu. Hili nimelipata kwa aibu. Niliwahi kutengeneza kibao cha bucha, fonti nilipakua toleo la majaribio, kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika neno "nyama" tu nikaona safi, mwenye bucha akaniambia ongeza "ya ng'ombe", nikaongeza usiku nikiwa na usingizi nikatuma. Kibao kimetoka kina kisanduku kitupu katikati ya ng na o. Matoleo ya majaribio mara nyingi yanakatwa alama na namba, na sisi kile kialama ni sehemu ya herufi sio pambo. Jaribu pia kialama kilichonyooka na kilichopinda, maana unaweza kukuta kimoja kipo kingine hakipo.

Kwa Mrombo na Karibu ni kwa ajili ya K kubwa. Huwezi kuikwepa K kubwa hapa kwetu, kila kitu ni Kwa fulani, Karibu, Kahawa, Kuku, Kinyozi. Kwenye fonti nyingi za brashi K inachorwa kwa mizunguko mpaka inafanana na H au R. Yule mama wa kahawa nilimpelekea picha ya kwanza kwenye simu, nikaenda mwenyewe kesho yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii hahawa ndo nini?"

Aisee. Nikaangalia, kweli, Hahawa ya Mama. Mimi nilikuwa sioni kwa sababu najua kilichoandikwa. Nikabadilisha K nikaweka mbadala yenye miguu iliyonyooka na shida ikaisha hapohapo, ila kama ile fonti isingekuwa na K ya pili ningeanza upya.

Hatua ya 3: leseni, haichukui muda

Fonti iliyoandikwa ni bure kwa matumizi binafsi maana yake ni kadi ya birthdei ya mtoto wako. Lebo ya kahawa inayouzwa ni biashara, inahitaji leseni ya biashara. Soma yale maandishi yanayokuja ndani ya faili, na ujue leseni ya kutumia kwenye kompyuta mara nyingi ni tofauti na ya kuweka kwenye tovuti au ndani ya app.

Kama huna bajeti, Google Fonts zipo za bure kihalali, zile zenye leseni ya SIL Open Font License unaruhusiwa kutumia kwenye biashara, kwenye logo, kwenye bidhaa, ila tu usiuze hiyo fonti yenyewe kama fonti. Kaushan Script ipo humo na ina ule mwendo wa brashi. Pacifico ya Vernon Adams na Lobster ya Pablo Impallari, hii ilitoka 2010, nazo zipo, nene na safi, zinasomeka, isipokuwa zimeshatumika mno mpaka mtu akiona anasema hii nimeiona mahali. Brush Script nayo, ile aliyochora Robert E. Smith mwaka 1942 Marekani kwa kampuni ya American Type Founders enzi herufi zinamwagwa kwa madini ya risasi, toleo lake liliingia kwenye Microsoft Office ndo maana kila steshenari inayo na kila kadi ya mchango inayo. Sio mbaya kama fonti. Ila kwenye biashara yako itakufanya uonekane umetengenezewa logo palepale ulipotoa fotokopi.

Na kama una mpango wa kusajili logo BRELA kama alama ya biashara, usiache jina likae kwenye fonti kavu kama ilivyo. Badilisha kitu, unganisha K na mkia wa a ya mwisho, chora mstari chini, chochote kitakachokuwa chako, maana fonti hiyohiyo jirani anaweza kuipakua leo jioni.

Hatua ya 4: kupanga

Kwanza kabisa, usiandike herufi kubwa tupu. Najua tunapenda vibao vya herufi kubwa, inaonekana kama unapaza sauti, lakini fonti ya brashi herufi zake kubwa zimechorwa kusimama mwanzoni tu na kushika mkono herufi ndogo inayofuata. Ukiziweka KAHAWA zote kubwa ni kama wazee sita kila mmoja anataka kukaa kiti cha mbele. Mteja akilazimisha herufi kubwa mpe fonti nyingine, usibishane nae.

Pili, usiguse nafasi kati ya herufi. Kuna mtu anaona jina fupi kibao kirefu anaamua kuzivuta ziachane, mikono inakatika, unabaki na vipande. Jina likiwa fupi likuze, au weka mstari wa brashi chini yake. Kuvuta kwa upana pia hapana, unene unakuwa wa ajabu, mistari ya kusimama inanenepa ya kulala inabaki ileile.

Tatu, uipandishe kidogo kwenda juu upande wa kulia. Brashi ikipandishwa nyuzi kama tano hivi inapata nguvu, ikizidi kumi inaanza kuonekana tangazo la mnada. Ukiwa na mistari miwili ipandishe yote sawasawa na uangalie ule mkia wa y usije ukatua juu ya herufi refu ya chini yake. Ukigongana, tafuta y ya mkia mfupi au sogeza neno la chini kushoto au kulia mpaka mkia upate pa kushukia, mara nyingi kuna uwazi juu ya herufi fupi kama a na m.

Nne, brashi ni ya jina tu. Maneno mawili, matatu yakizidi sana. Mengine yote, yani "tunauza jumla na rejareja", mahali, namba ya simu, weka fonti ya kawaida iliyosimama isiyo na mapambo. Namba ya simu kwa brashi ni kujikosesha wateja, 1 inakuwa 7, 0 inakuwa 6, mtu anapiga anapokea mwalimu wa Mbulu huko.

Ukubwa sasa. Mafundi wa vibao wana kanuni yao inayojulikana, sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Kibao cha kusomwa toka ng'ambo ya barabara, tuseme mita 30, kinataka herufi ya sentimita 25. Ila kwenye brashi usipime K kubwa ukajidanganya, pima a ndogo, kwa sababu ndo inayosomwa na mara nyingi haifiki hata nusu ya K. Kwenye barabara ambayo magari yanapita na mwendo, mimi naongeza nusu nzima juu ya hiyo kanuni.

Na kwenye vitu vidogo ni kinyume chake. Lebo ya pakiti ya robo, fonti nene, yale matundu ya a na e yanakuwa madogo na wino unayajaza. Print kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida hapo steshenari, karatasi moja tu, ukiona matundu yameziba chagua unene wa chini kidogo au fungua matundu mwenyewe.

Hatua ya 5: karatasi ukutani

Kabla ya kulipa chochote bandika karatasi ulizounganisha kwa gundi pale kibao kitakapokaa, vuka barabara, simamisha mtu asiyelijua hilo duka, bodaboda wa kijiweni ndo mzuri kwa sababu hana muda na wewe, muulize pameandikwaje. Usimsaidie. Akisita hata kidogo rudi hatua ya pili.

Hatua ya 6: faili la plota

Hapa ndo nilipokula hasara yangu kubwa. Stika za milango ya gari la ofisi moja ya safari, milango minne, jina kwa fonti ya brashi, nilimtumia fundi wa plota, ile mashine ya kukata stika kwa kisu, faili kama lilivyo. Kwenye skrini fonti ya brashi inaonekana neno moja lililoungana, ila ukweli kila herufi ni kipande chake na imelalia ya jirani yake. Plota haijui kusoma, inakata kila mstari iliyoonyeshwa. Ikakata ndani ya kila muungano, nilipoanza kuvua stika kila herufi inatoka na kakipande ka mwenzake. Mita nzima za stika zikaenda, na gari lilikuwa linaondoka alfajiri kwenda Serengeti.

Fanya hivi. Maandishi yakishakamilika kabisa, hifadhi nakala moja ya faili ambayo bado inaandikika, alafu kwenye nakala ya pili geuza maandishi yawe maumbo. Illustrator ni Create Outlines, CorelDRAW ni Ctrl na Q, Inkscape ni Object to Path alafu uvunje kundi. Hiyo inafanya pia fundi asiyekuwa na fonti yako asije akafungua akakuta kompyuta yake imeweka fonti nyingine. Baada ya hapo chagua herufi zote uziunganishe ziwe umbo moja, Unite kwenye Illustrator, Weld kwenye Corel, Union kwenye Inkscape. Alafu, na hii wengi wanairuka, badilisha muonekano uwe wa mistari mitupu bila rangi. Kama bado unaona mstari unapita ndani ya herufi hujamaliza. Kagua na matundu ya a, yasije yakawa yamemezwa.

Kama fonti yako ni ya mikwaruzo ya brashi kavu, usiipeleke kwenye plota, basi. Ile mikwaruzo ni mamia ya vipande vidogo, kisu kinavirarua, na hata vikikatika vizuri nani atavivua kimoja kimoja. Hiyo iprint kwenye bango. Kwenye fulana pia, mikwaruzo myembamba inaziba kwenye skrini ya kuchapia baada ya fulana chache. Fonti nyingi zinakuja na matoleo mawili, la mikwaruzo na lililo safi, kwa stika chukua safi.

Kuna kitu kimoja nakifanya kabla faili halijaondoka. Fonti za brashi zinamaliza herufi kwa ncha kali, mkia wa a ya mwisho unakuwa kama mwiba, unapendeza sana kwenye skrini. Kwenye mlango wa gari ile ncha ndo ya kwanza kubanduka, vumbi la barabara ya kwenda mbugani linaingia chini yake, alafu gari likipelekwa kuoshwa na mashine ya presha inanyanyuka na inaanza kuvuta herufi nzima. Kwahiyo nakuza picha, naikuta kila ncha, naizungusha kidogo tu iwe butu, milimita mbili hivi, mtu hawezi kuona akiwa amesimama. Wakati wa kubandika osha mlango, paka maji yenye sabuni kidogo ili uweze kusogeza, kandamiza kuanzia katikati kwenda nje, na ule mkia wa mwisho uukandamize kwa kidole gumba kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.